Mvua ya Kata Moja: Kubana na Kupanga Upya Data za Sayansi



Tumchukue afisa ugani aliyeko Kongwa, mkoani Dodoma. Anataka kujua mvua ya kupandia imekuwa ikianza tarehe gani katika kata yake, mwaka baada ya mwaka, tangu wazee wa leo walipokuwa vijana. Hataki wastani wa Tanzania, wala wa mkoa. Anataka kata yake, kwa sababu mkulima atakayemuuliza hapandi mtama wake kwenye wastani wa mkoa.

Jibu, au tuseme makadirio mazuri ya jibu, limekwishahesabiwa. Lipo kwenye hazina ya data iitwayo CHIRPS, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Santa Barbara, wakishirikiana na Idara ya Jiolojia ya Marekani, USGS. Wanachukua picha za setilaiti zinazopima joto la vilele vya mawingu kwa mionzi ya infraredi, kwa maana wingu lenye kilele cha baridi kali aghalabu ndilo lenye mvua, kisha wanasahihisha makadirio hayo kwa vipimo vya vituo vya ardhini. Kazi hiyo ina uhusiano wa damu na eneo letu. Imekuwa nguzo ya mtandao wa kutoa tahadhari za njaa, FEWS NET, ulioanzishwa na Wamarekani mwaka 1985 baada ya baa la njaa la Ethiopia na Sahel. Kituo cha hali ya hewa cha IGAD, yaani ICPAC, chenye makao yake Kenya, nacho huitumia. Data zinatolewa bure. Zinaanzia mwaka 1981.

Sasa tuhesabu. CHIRPS, katika toleo lake la 2, imeigawa dunia, kutoka nyuzi 50 kusini hadi nyuzi 50 kaskazini, katika visanduku vya nyuzi 0.05, ambavyo kwetu huku karibu na ikweta ni kama kilomita tano na nusu kila upande. Hiyo ni mistari 2,000 ya latitudo na safu 7,200 za longitudo, jumla visanduku milioni 14.4. Kila kisanduku kina namba moja ya desimali yenye baiti nne. Kwa hiyo siku moja ya mvua ni megabaiti 57.6. Kuanzia tarehe 1 Januari 1981 hadi tarehe 31 Desemba 2023 kuna siku 15,705. Zidisha: kama gigabaiti 905 kabla ya kubanwa.

Na afisa wetu wa Kongwa anahitaji nini kati ya hizo? Kisanduku kimoja, siku 15,705, baiti nne kila siku. Ni baiti 62,820. Kilobaiti 63! Picha moja ya harusi inayotumwa kwenye WhatsApp huwa na uzito zaidi ya huo.

Mhadhara wangu uko katikati ya namba hizo mbili, gigabaiti 905 na kilobaiti 63. Watu wengi wakisikia kubana data wanafikiria nafasi kwenye diski, na nafasi ni jambo la kweli, sitalidharau. Lakini kwa miaka niliyofanya kazi hii nimeshawishika kwamba jambo kubwa zaidi ni mpangilio. Namna data zilivyopangwa ndani ya faili ni uamuzi kuhusu nani atajibiwa upesi na nani atasubiri. Uamuzi huo mara nyingi hakuna aliyeukalia kikao. Umefanywa na programu, kwa mpangilio wake wa awali, kwa sababu setilaiti huleta ramani moja moja na programu ikaziandika kwa jinsi zilivyokuja. Anayetaka ramani ya leo anaipata kufumba na kufumbua. Anayetaka historia ya kata moja anaambiwa asubiri, au anakata tamaa kabla ya kuambiwa. Habari njema ni kwamba uamuzi huo unaweza kubadilishwa na mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida na amri chache za kuandika.

Faili ninazozizungumzia ni za familia mbili zilizokuja kuungana. Moja ni HDF, iliyozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 kwenye kituo cha kompyuta kuu cha NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, na toleo lake la HDF5 likatoka mwaka 1998. Ya pili ni NetCDF, ya taasisi ya Unidata iliyoko Boulder, Colorado, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1989. Mwaka 2008 ilitoka NetCDF-4, ambayo kwa ndani ni HDF5 iliyovaa kanuni za NetCDF. Ndiyo sababu vifaa vya ukoo mmoja hufanya kazi kwenye faili za ukoo mwingine, na wanafunzi wangu hushangaa wanapoona h5repack inafungua faili ya mvua yenye jina linaloishia na nc bila kulalamika.

Vifaa vyenyewe ni programu ndogo zisizo na dirisha wala vitufe. Unaandika jina la programu, masharti yake, faili inayoingia na faili itakayotoka, unabonyeza Enter. Unidata wana ncdump na nccopy. Watu wa HDF wana h5dump, h5diff na h5repack. Profesa Charlie Zender wa Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Irvine, ameongoza tangu miaka ya 1990 ujenzi wa kundi la vifaa liitwalo NCO, ambamo mna ncks, ncrcat na ncpdq. Taasisi ya Max Planck ya Hamburg, Ujerumani, ina CDO. Vyote ni bure, na vyote hukaa vizuri kwenye kompyuta ya zamani.

Kijana mmoja atauliza kwa nini tuandike amri wakati dunia nzima inabofya. Sababu yangu ni hii: amri iliyoandikwa inaweza kusomwa na mtu mwingine. Unaweza kuitia kwenye barua pepe, kuirudia kwa faili 43, moja kwa kila mwaka, bila kuchoka, kuikagua mwaka ujao ukitaka kujua ulifanya nini. NCO na CDO huenda mbali zaidi: kila zinapogusa faili huandika ndani ya faili hiyo hiyo, kwenye kipengele kiitwacho history, tarehe na amri nzima iliyotumika. Faili inabeba wasifu wake. Katika nchi ambako data hupitia mikono mingi kabla ya kufika kwa mtumiaji, hilo kwangu lina uzito kuliko urahisi wowote wa kubofya.

Kabla ya kubana chochote, angalia. Amri ya ncdump -hs huonyesha kichwa cha faili pamoja na siri zake za uhifadhi: imebanwa kwa kiwango gani, baiti zimepangwa upya au la, na, muhimu kuliko vyote, vipande vyake vina umbo gani. Hapa kwenye vipande nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha jambo.

Faili ya mvua ni jedwali lenye pande tatu: wakati, latitudo na longitudo. Diski haina pande tatu. Ina mstari mmoja mrefu wa baiti. Kwa hiyo lazima mtu, au programu, iamue kipi kitakaa karibu na kipi. Ukiandika ramani nzima ya siku ya kwanza, kisha ya siku ya pili, basi Kongwa ya tarehe 1 na Kongwa ya tarehe 2 zimetenganishwa na megabaiti 57.6 za Brazili, India na bahari tupu. Ni kama maktaba iliyofunga magazeti yake kwa tarehe, ukaja wewe unayetaka bei ya mkonge tu: itabidi ufungue kila furushi, utoe mstari mmoja, ulifunge tena.

Kama data hazijabanwa, hali hiyo inavumilika. Diski ya kuzunguka huchukua takriban milisekunde 10 kuruka kutoka mahali hadi mahali, na miruko 15,705 ni dakika mbili na nusu na kitu. Subiri, unywe maji, utapata jibu. Lakini mtu mwema akaja akazibana, kila siku kipande kimoja, ili kuokoa nafasi. Kipande kilichobanwa hakifunguki nusu. Ukitaka namba moja iliyomo ndani yake ni lazima ukifungue chote. Sasa ili kupata zile kilobaiti 63, kompyuta inalazimika kufungua gigabaiti 905 zote. Tukichukulia kwamba inafungua megabaiti 300 kwa sekunde, ambayo si kasi mbaya, ni dakika 50. Kwa kisanduku kimoja! Afisa ugani ana kata kadhaa. Faili imekuwa ndogo na kazi imekuwa ngumu, na aliyeibana alikuwa na nia njema kabisa.

Ndiyo maana nasema kubana na kupanga haviwezi kutenganishwa. Kwenye HDF5 na NetCDF-4 data hukatwa vipande vyenye umbo maalumu, na kila kipande hubanwa peke yake. Umbo la kipande ndilo linaloamua ni swali lipi litakuwa jepesi. Na kwenye NetCDF-4, kama mhimili wa wakati umeachwa wazi ili siku mpya ziongezwe, mpangilio wa awali huupa mhimili huo kipande chenye urefu wa 1. Kila kipande, siku moja tu. Mtu asipoandika chochote, faili inazaliwa ikimpendelea anayetazama ramani.

Turudi Kongwa tuone tiba. Hatua ya kwanza wala si kubana, ni kukata. Tanzania yote inaingia ndani ya mstatili wa latitudo 12 hadi 1 kusini na longitudo 29 hadi 41 mashariki. Hiyo ni mistari 220 na safu 240, visanduku 52,800. Siku 15,705 za mstatili huo ni gigabaiti 3.3. Tumetoka 905 tukafika 3.3 bila kubana hata baiti moja, na bila kupoteza tone la mvua ya Tanzania. Kazi hiyo hufanywa na ncks:

ncks -d latitude,-12.0,-1.0 -d longitude,29.0,41.0 dunia.nc tz.nc

Tazameni zile nukta za desimali. Si mapambo. Kwa NCO, namba yenye nukta ni kipimo cha latitudo au longitudo. Namba isiyo na nukta ni hesabu ya safu, inayoanzia sifuri: sifuri, moja, mbili. Ukiandika 29,41 badala ya 29.0,41.0, itakukatia safu ya 29 hadi ya 41 kwa kuhesabu kutoka mwanzo wa jedwali, yaani kipande cha Bahari ya Pasifiki. Haitakuonya, kwa sababu umeomba jambo halali. Utapata faili safi isiyo na mvua hata moja, na kama huna desturi ya kutazama ulichokitoa, utaandika ripoti ya ukame.

Kukata kabla ya kusafirisha ni jambo ambalo kwetu lina thamani ya fedha taslimu. Seva nyingi za data za hali ya hewa huongea itifaki iitwayo OPeNDAP, na ncks huweza kupewa anwani ya seva badala ya jina la faili. Kukata kunafanyika huko huko, unaletewa Tanzania peke yake. Anayejiunga bando kwa simu ili ashushe faili za dunia nzima, kisha atupe sehemu 99 kati ya 100, anatozwa kwa mvua ya Amazon. Niseme wazi kwamba hili linanigusa. Nimeona wanafunzi wenye akili wakiacha mada nzuri za utafiti kwa kuwa walidhani hawana intaneti ya kutosha, na walichokosa ni mstari mmoja wa amri.

Faili za miaka zikishakatwa, ncrcat huziunganisha kwa mfuatano wa wakati. Hapa kuna mtego mmoja ambao lazima niutaje, ingawa hauihusu CHIRPS moja kwa moja. Kuna hazina za data ambazo hupunguza ukubwa kwa kuhifadhi namba nzima za baiti mbili pamoja na kizidishio na kijumlisho, scale_factor na add_offset, ili zirudishwe kuwa desimali wakati wa kusoma. Mara nyingi kila faili ina kizidishio chake, kilichochaguliwa kulingana na mwezi wake. Ukiziunganisha kwa ncrcat kama zilivyo, kizidishio cha faili ya kwanza kitatumika kwa zote, na namba za miezi mingine zitakuwa za uongo, tena uongo unaofanana na ukweli. Dawa yake ni kuzifungua kwanza kwa ncpdq -U, ndipo uunganishe.

Sasa tuna faili moja, Tanzania, miaka 43. Tunaipanga upya:

nccopy -u -s -d 1 -c time/365,latitude/20,longitude/20 tz.nc tz_kata.nc

Kila kipande kina siku 365 za mraba wa visanduku 20 kwa 20, kilomita kama 110 kila upande. Ni baiti 584,000. Ili kupata historia ya Kongwa, kompyuta inafungua vipande 44, jumla kama megabaiti 26. Ni kazi isiyofika hata sekunde moja. Na anayetaka ramani ya Tanzania ya siku moja? Atafungua vipande 132, megabaiti 77, ili apate kilobaiti 211 anazozihitaji. Amepoteza kidogo, lakini bado anajibiwa kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Huo ndio mpangilio ninaouona wa haki kwa faili moja inayotumiwa na watu wa aina mbili: hakuna aliyepewa kila kitu, na hakuna aliyefungiwa mlango. Wenye h5repack wataandika SHUF na GZIP=1 kwa alama ya -f, na umbo la vipande kwa -l; wakumbuke kuitanguliza SHUF.

Kupanga upya huko kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko inavyostahili, na sababu yake ni kumbukumbu. Ukisoma ramani moja moja na kuandika kwenye vipande vyenye urefu wa mwaka, vipande vyote 132 vya mwaka huo lazima vikae wazi hadi tarehe 31 Desemba. Ni zile zile megabaiti 77. Maktaba ya HDF5 kwa miaka mingi ilitenga megabaiti moja tu kwa kazi hiyo, na haitoshi hata vipande viwili. Matokeo yake kila kipande hufungwa, huandikwa diskini, hurudishwa, hufunguliwa, siku baada ya siku. Ipe nccopy nafasi kwa alama ya -h, kwa mfano -h 500M, au -w ili ijenge faili yote kwenye kumbukumbu kwanza. Kazi ya usiku kucha inaweza kuwa ya dakika.

Nimeandika -s na -d 1 bila kueleza. Alama ya -d ndiyo kubana kwenyewe, kwa kanuni iitwayo Deflate, ile ile iliyomo ndani ya faili za zip na gzip. Imejengwa juu ya mawazo mawili. La kwanza ni la Abraham Lempel na Jacob Ziv, mwaka 1977: mfuatano uliokwisha kutokea usiandikwe tena, andika tu umbali wa kurudi nyuma na urefu wa kunakili. La pili ni la David Huffman, mwaka 1952, akiwa bado mwanafunzi wa MIT: alama zinazotokea mara nyingi zipewe msimbo mfupi, zile adimu zipewe mrefu. Viwango ni 1 hadi 9. Watu hupenda 9 kwa kudhani kubwa ndiyo bora. Kwa data za namna hii, kupanda kutoka 1 hadi 9 huongeza muda wa kuandika kwa kiasi kikubwa na kupunguza ukubwa kwa kiasi kidogo. Mimi hutumia 1, na sijapata sababu ya kujuta.

CHIRPS ina bahati mbili kwenye kubana. Haikadirii mvua ya baharini, kwa hiyo visanduku vyote vya bahari vina namba moja tu, -9999, inayoashiria kwamba hakuna data, na Lempel na Ziv hawataki zawadi kubwa kuliko hiyo. Na nchi kavu, siku nyingi hakuna mvua. Sifuri, sifuri, sifuri. Tanzania ya Agosti hubanwa ikawa karibu si kitu. Aprili ndiyo inayojaza diski.

Alama ya -s ina ujanja unaostahili kupigiwa makofi. Namba ya desimali ya baiti nne ina alama ya hasi au chanya, kipeo, kisha tarakimu. Mvua ya milimita 12.3 na ya jirani yake ya milimita 13.1 zina baiti ya kwanza ile ile, ya pili inakaribiana, na ya nne ni vumbi tupu lisilo na mpangilio. Zikiandikwa namba baada ya namba, vumbi hukatiza mfanano kila baada ya baiti tatu, na Deflate haioni kinachojirudia. Alama ya -s huzipanga upya: kwanza baiti zote za kwanza za kipande kizima, kisha zote za pili, kisha za tatu, na vumbi likawekwa mwisho. Hakuna kilichopotea. Hakuna kilichobanwa bado. Lakini sasa mfanano umekusanyika mahali pamoja, na Deflate inafanya kazi yake. Huu nao ni mpangilio, ndani kabisa ya namba.

Lile vumbi linatuleta kwenye suala ambalo wanasayansi huligusa kwa woga: kutupa. Kipima mvua cha kawaida husomwa kwa sehemu ya kumi ya milimita. Makadirio ya setilaiti yana shaka kubwa zaidi ya hiyo. Lakini namba ya baiti nne hubeba tarakimu saba, na kompyuta itakuandikia milimita 12.34718 kana kwamba kuna mtu aliyeipima ile 718 ya mwisho. Hayuko. Ni mabaki ya hesabu, na ni mabaki hayo yanayokataa kubanwa. Mwaka 2021 Milan Klöwer na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Computational Science utafiti juu ya data za angahewa, wakaona kwamba vigezo vingi vina chini ya biti 7 za taarifa ya kweli kwa kila namba. Tunahifadhi biti 32, wakati mwingine 64.

Zender aliliona hilo mapema, na mwaka 2016 alichapisha njia ya kuzifanya biti zisizo na maana zifanane ili kanuni ya kubana izimeze. Kwenye NCO inaombwa kwa --ppc: ukiandika --ppc precip=3 unabakiza tarakimu tatu za maana kwenye precip, kigezo cha mvua. NetCDF yenyewe ikaingiza uwezo huo kwenye toleo la 4.9.0 mwaka 2022. Msimamo wangu ni kwamba kwa nakala ya kugawa, tarakimu tatu za mvua zinatosha, na anayesema hazitoshi atuonyeshe kipima chenye tarakimu ya nne. Ila nakala ya asili haiguswi. Na viwango vya joto vilivyoandikwa kwa kelvini havivumilii tatu: 298.4 ikibaki na tarakimu tatu umepoteza sehemu za kumi. Fikiri kigezo kwa kigezo.

Baada ya kupanga upya, kabla ya kufuta chochote, endesha h5diff tz.nc tz_kata.nc precip, ukitaja jina la kigezo hivyo. Ikinyamaza, mvua ni ile ile. Kwa nakala uliyoipunguzia tarakimu itapiga kelele, na ni haki yake. Ipe kiwango cha tofauti unachokikubali kwa alama ya -p. Hatua hii huchukua dakika chache na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Mwenyekiti, nina pendekezo, na ndilo lililonileta. Ofisi na vyuo vyetu vinavyopokea hazina hizi kutoka nje, vikazikata na kuzigawa kwa wilaya, vitoe nakala mbili. Moja iwe na vipande vya ramani, time/1,latitude/220,longitude/240, kwa wanaotazama nchi nzima siku kwa siku. Nyingine iwe na vipande vya miaka, kama nilivyoonyesha, au virefu zaidi, kwa wanaouliza kuhusu mahali. Mtu atasema tunapoteza nafasi kuhifadhi kitu kile kile mara mbili. Tuhesabu naye: Tanzania yote, kila siku kwa miaka 43, mara mbili, ni gigabaiti 6.6 kabla ya kubanwa. Inaingia kwenye flashi ya gigabaiti 8, na ikibanwa inabaki nafasi ya Kenya. Hiyo flashi inaweza kupanda basi la Kongwa kesho asubuhi, na afisa wetu ataandika:

ncks -d latitude,-6.2 -d longitude,36.4 tz_kata.nc kongwa.nc

Asisahau nukta.